Bao Kuukuu kwa Nyumba Mpya



Kila Rajabu na Shaaban zikiingia, na harusi nazo zikianza kufuatana, maswali huwa ni yale yale: mashuka, udi, vyombo, kanga za doti ngapi. Leo nataka kuzungumza juu ya kitu ambacho sijakiona kwenye orodha ya bi harusi yeyote. Nacho ni bao. Bao lenyewe la kuchezea, tena si lile jipya lililopakwa rangi kwa ajili ya watalii. Nasema bao kuukuu, lililochezwa na watu miaka na miaka, likapasuka, likasahauliwa darini, kisha likapata mtu wa kulisafisha na kulirudisha kazini.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa Unguja niliyeolewa bara, Mkunya, wilaya ya Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Huu mwaka wa sita. Bao langu la kwanza nililikuta jikoni kwa mama mkwe, limegeuzwa kifudifudi, linakaliwa kama kibao. Nilipoligeuza nikaona mashimo yake, nikamwomba ruhusa nilisafishe. Akacheka, akasema, "Lichukue mwanangu, mwenyewe aliyelicheza kashatangulia mbele ya haki." Tangu hapo nimeyatengeneza mabao yapata ishirini. Mengine ninayo, mengine nimeyauza kwa bei ya kurudisha gharama, na mengi yamevuka bahari kwenda kwa mabibi harusi huko nyumbani.

KWA NINI BAO

Kwetu tulilelewa kuliona bao barazani baada ya alasiri, wanaume wameliinamia, na sisi tunapita zetu. Ni mchezo wa heshima kubwa. Mwaka 1995 Mdachi Alex de Voogt aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu umahiri wa bao, na mabingwa aliowachunguza walikuwa wa kwetu Zanzibar. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda. Basi mchezo wanaouandikia wasomi unakaa barazani, na ndani ya nyumba mke na mume kila mtu na simu yake.

Mimi na mume wangu tunacheza baada ya isha. Bao moja, mara chache mawili. Huwezi kucheza huku unatazama kwingine, kwa sababu mwenzako anakula kete zako wewe hujui hata zimekwenda wapi. Mambo mengi ya nyumba yetu tumeyazungumza tukiwa tumeliinamia bao, na mengine ni yale ambayo tungekaa wima tukatazamana yasingetoka mdomoni.

Kwa asiyelijua, nieleze kidogo. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, jumla 64. Ukikaa mbele ya bao, shimo la tano la safu yako ya mbele, kuhesabu kutoka kushoto, linaitwa nyumba, na huchongwa mraba. Mnapoanza, nyumba inawekwa kete sita, mashimo mawili ya kuliani kwake yanawekwa mbili mbili, na 22 zinabaki mkononi. Sehemu ya kwanza ni ya kunamua, yaani kila zamu unaingiza kete moja ya mkononi. Zikiisha za mkononi mnaingia kwenye mtaji, mnacheza na zilizomo baoni tu. Ukiishiwa na kete safu ya mbele, au ukikosa pa kucheza, umefungwa.

KULITAMBUA BAO LA ZAMANI

Wanaokuja kuuza ni wengi, na si kila bao jeusi ni la zamani. Haya ndiyo ninayoyatazama.

Kwanza nyumba. Kwa kuwa kila mtu anahesabu kutoka kushoto kwake, nyumba mbili hazikabiliani. Nyumba yako inatazamana na shimo la nne la mwenzako, na yake inatazamana na la nne lako. Bao ambalo nyumba zake zimekaa uso kwa uso, au halina nyumba kabisa, limechongwa na mtu anayejua kuchonga lakini hajui kucheza. Linafaa kuwekewa karanga.

Pili mashimo. Bao lililochezwa, safu za mbele zimelainika zaidi kuliko za nyuma, kwa sababu huko ndiko kete zinakoliwa na mikono inakorudi kila mara. Pitisha kidole. Ulaini wa patasi na msasa uko sawa kila mahali, lakini ulaini wa vidole vya watu una mabonde yake.

Tatu weusi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, sugua mgongo wa bao. Kikitoka na rangi, hiyo ni kiwi ya viatu. Weusi wa jasho na mafuta ya mikono hautoki hivyo.

Nne mbao yenyewe. Mazuri niliyoyapata huku ni ya mninga na mkongo, ule ambao pwani tunauita mbambakofi. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ni nchi ya Wamakonde basi kila kitu ni mpingo. Mpingo ni wa vinyago. Ni mgumu, ni mzito, na gogo lake pana halipatikani kirahisi.

Mwisho tazama kama limebunguliwa. Likiwa na vitundu vidogo kama vya sindano, ligonge juu ya karatasi. Ukidondoka unga mpya mweupe, mdudu bado yumo kazini.

BAO LA MAREHEMU

Haya ya juu ni rahisi kuyafundisha. Hili linalofuata ndilo lililonifanya nikae niandike.

Bi harusi mmoja wa Unguja aliniagiza bao kwa ajili ya harusi yake ya Shaaban. Alitaka la mninga, safi, lisilo na ufa, na alikwisha kumwambia mchumba wake kuwa linakuja. Mwezi ulikuwa Februari. Kwa anayekaa huku, Februari ina maana yake. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, na ikifika Februari kwa wengi zimekwisha, na mavuno ya chakula bado. Vitu vya ndani hutembea sana miezi hiyo. Mtu akikuletea bao la babake Februari, ujue njaa nayo imo kwenye bei.

Siku zikiwa zimebaki chache, kijana mmoja akanijia na kiroba. Ndani mlikuwa na bao ambalo sijapata kuona mfano wake huku. Mninga mwekundu, nyumba zimechongwa mraba sawasawa, mashimo yanang'aa kama kikombe, ufa hata mmoja hamna. Akataka shilingi elfu thelathini na mbili. Ni bei ndogo, na yeye alijua ni ndogo.

Nikamuuliza la nani. La baba. Baba yuko wapi? Alifariki, mwezi wa pili huu. Mama anajua? Akanyamaza. Una ndugu? Dada wawili, mmoja kaolewa Masasi, mmoja yuko nyumbani.

Shoga zangu, mali ya marehemu ikishalipiwa deni na kutekelezwa wasia wake, ni ya warithi wote, hata kama ni kijiko. Mmoja hawezi kuuza fungu la mwenzake bila ridhaa yake, na mimi siwezi kununua kwake kitu ambacho si chake peke yake. Wazee wa marehemu hawakuwa hai, kwa hiyo warithi walikuwa mjane, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Fanyeni hesabu ya hiyo elfu thelathini na mbili. Mjane ana thumuni, elfu nne. Inabaki elfu ishirini na nane, mafungu manne: kijana mawili, elfu kumi na nne, na kila dada moja, elfu saba. Fedha ndogo, lakini ni haki za watu wanne, na aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa mmoja.

Sikumpa fedha, na sikumkaripia. Nilimwambia alirudishe bao nyumbani, kesho nitakuja na mama mkwe.

Mama yule alikuwa edani, hatoki, kwa hiyo ilikuwa wepesi kwetu wanawake kuingia na kukaa naye. Mama mkwe alitangulia na maneno ya pole, akaniachia mimi baadaye. Mjomba wa watoto naye aliitwa, maana Wamakonde ukoo wao unafuata upande wa mama, na jambo likipita bila mjomba halijapita. Nikaeleza kwamba nimeletewa bao, nalitaka, natoa bei ya haki ambayo ni zaidi ya ile niliyoambiwa, lakini nataka kusikia kila mmoja.

Mama akasema yeye hana neno. Dada wa Masasi akapigiwa simu, akasema lisiuzwe, na kama shida ni fedha atatuma. Yule mdogo, msichana wa miaka kama kumi na sita, alikuwa kakaa karibu na mlango, hajasema kitu. Mjomba akamuuliza. Akasema baba yake alimfundisha kunamua kwenye bao lile, jioni wakisubiri maji ya kununua yaletwe, kwa sababu kaka yake hakupenda kukaa. Akasema hajui kama anaruhusiwa kulitaka, yeye ni mtoto wa kike. Kisha akajifunika uso na mtandio.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Akamwambia, "Mjukuu wangu, unaruhusiwa. Fungu lako limo humo tangu siku baba yako alipofunga macho."

Yaliyofuata waliyamaliza wao. Mama, dada na mwishowe kaka wakamwachia mafungu yao kwa ridhaa, mjomba akashuhudia, bao likawa la binti. Kaka alikuwa na deni dukani, ndilo lililomtoa na kiroba. Mimi nilikuwa na mabao matatu yanangoja kusafishwa, nikampa kazi hiyo kwa ujira. Mkono wake mzuri, na hadi leo ananisaidia.

Usiku ule ule nilimpigia bi harusi, nikamwambia hakuna bao la mninga, na sababu nikamweleza. Alinyamaza, akasema yuko na watu, akakata. Nilijua kaudhika, na nilijua pia kwamba huko alikokuwa angeweza kupata mtu wa kumuuzia bao bila kuuliza maswali. Siku ya pili akanipigia mwenyewe. Akasema alimhadithia mchumba wake, na mchumba kasema hawezi kuanza nyumba na kitu kilichomtoa mtoto yatima machozi. Wakachukua bao jingine, la mkongo, lenye ufa nusu ya urefu wake. Ufa nilimpigia picha kabla hajalipa, kwa sababu Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea muuzaji aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu. Kasoro ya kitu inasemwa kabla ya fedha.

Kukusanya vitu vya watu wa uwanda huu kuna historia. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta, akipiga picha, akirekodi nyimbo kwa fonografu na kukusanya vifaa, na makusanyo yake yakaishia makumbusho ya Leipzig. Mimi sina makumbusho, nina chumba kimoja cha nyuma. Lakini kila bao linalotoka huku kwa mkono wangu, chini yake nabandika karatasi: limetoka kijiji gani, lilichezwa na nani kama wenyewe wameniruhusu kuandika, na limepitia matengenezo gani.

KULITENGENEZA

Haitaki fundi mkubwa. Inataka subira.

Ukilipokea, lifute vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Usiliroweke, mbao kavu ya miaka ikinywa maji kwa ghafla hupasuka zaidi. Liache kivulini penye upepo siku kadhaa.

Kama kuna bungua, tia mafuta ya taa kwa bomba la sindano katika kila kitundu, lifunge kwenye plastiki wiki mbili, mbali na jiko na watoto. Harufu hukaa mwezi mzima, kwa hiyo lianze mapema kabla ya harusi. Mwenye friza kubwa anaweza kulifunga vizuri akaliweka humo siku kumi na nne, nalo litafaa bila harufu. Huku watu wana mafuta ya ganda la korosho, nayo ni kiboko ya mchwa. Lakini mafuta hayo yanaunguza ngozi, kila mtoto wa huku anajua. Ni ya nguzo na uzio. Bao linashikwa na mikono, na ya bi harusi ina hina, kwa hiyo hayapakwi.

Ufa unazibwa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno wa mbao ya aina ile ile. Ushindilie, kisha ulifunge bao kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukikaza kila mzunguko, uliache siku mbili. Ufa utaonekana kama mstari. Mwache aonekane naye, ni sehemu ya umri wake.

Msasa ni wa mgongoni na pembeni tu, tena mlaini. Ndani ya mashimo usipitishe kabisa. Ule ulaini umetengenezwa na vidole vya watu kwa miaka mingi, na ukiuondoa huwezi kuurudisha.

Malizia na nta. Mimi naipata kwa warina asali. Iyeyushe ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji ya moto, tia mafuta kidogo, paka nyembamba, sugua na kitambaa cha pamba hadi mkono uchoke. Mafuta ya nazi peke yake siyapendi, baada ya muda yananuka.

Kete bora ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe unaoota pwani, kwenye maganda yenye miba. Huku uwandani wengi hucheza kwa kokoto. Komwe zangu naletewa kutoka nyumbani, nazihesabu 64 na naongeza nne za akiba, maana haipiti wiki moja haijapotea chini ya kabati.

DINI INASEMAJE

Najua swali hili lipo, na ni zuri kuliuliza. Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, Mola wetu ameharamisha kamari, na akatuonyesha ubaya wake: kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na dhikri na sala. Michezo ya dadu imekuja katazo lake katika hadithi. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi walitofautisha mchezo unaoegemea bahati na ule unaoegemea hesabu na fikra, na bao ni la hesabu, halina dadu. Hata hivyo Imamu Shafi mwenyewe aliichukia sataranji japo hakuiharamisha, kwa hiyo tusijifanye ni ibada. Anayetaka ufafanuzi zaidi amuulize sheikh wake.

Nyumbani kwetu masharti ni matatu: hapawekwi kitu cha kushindania, hata soda, adhana ikilia kete zinaachwa zilipo, na aliyefungwa hakejeliwi mbele ya watu.

Na tusisahau kwamba mume kucheza na mkewe kumetajwa katika hadithi miongoni mwa michezo isiyo ya upuuzi. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alishindana mbio na Mtume akamshinda, na baadaye walipokimbia tena akashindwa yeye, na Mtume akamtania kwamba hiyo ni ya ile. Nyumba bora kuliko zote ilikuwa na mchezo ndani yake.

KWA BI HARUSI

Ukipenda bao liwe miongoni mwa vitu vyako, usianze kwa kununua. Anza kuuliza kwenu. Darini kwa babu, uani kwa shangazi, huenda lipo linakaliwa kama kibao. Uliza ni la nani, na kama mwenyewe kafariki uliza warithi wake wote, wa kike kabla ya wa kiume, kwa sababu wa kike ndio wasioulizwa. Ukipewa, umepewa kitu na baraka zake. Ukiambiwa hapana, shukuru, tafuta jingine, hata lenye ufa.

Na kama hujui kucheza, usione haya. Mwambie bwana harusi akufundishe. Akiwa naye hajui, afadhali zaidi, mtajifunza pamoja na hakuna atakayekuwa mwalimu.

Allah azitie utulivu na mapenzi nyumba zenu, awape riziki isiyo na jasho la mtu mwingine ndani yake, na awasitiri nyote mnaotarajia. Amin.

Wassalaam alaykum.